Dira ya Mkanda wa Saa

Jumatatu, 9 Septemba

Sikupotea. Naliandika hili kwanza, kabla ya mengine yote, kwa sababu kijiji kizima kinasema nilipotea. Sikupotea! Nilizunguka kidogo.

Ilivyokuwa: jana nilikuwa msituni tangu alfajiri. Kikapu kimejaa baravyka tupu, mfalme wa uyoga wote, changa, ngumu, hata moja haina funza. Nikashika njia ya nyumbani. Natembea zangu, naimba zangu. Mara Teofilė jirani yangu akachomoza kwenye misonobari kama askari wa forodha. Shoga, unakwenda wapi? Huko ni kinamasini! Nikacheka. Nikamwambia nilikuwa namjaribu nione kama yuko macho. Akanishika kiwiko kama anampeleka bi harusi, akanitoa mpaka barabarani, na njia nzima hakusema neno. Teofilė, asiseme neno! Miaka arobaini tumepakana ua, sijapata kumsikia kimya hata akiwa na chakula mdomoni.

Na kinachoniuma zaidi — ameona nilipokuwa. Sehemu yangu ya uyoga! Hata marehemu mume wangu sikumwonyesha, na alikuwa mtu mwema.

Miaka thelathini na mmoja nimepeleka barua kwa baiskeli vijiji vyote vya msitu huu. Theluji, matope, mbwa wa watu. Hakuna barua yangu hata moja iliyopotea. Leo eti mpeleka barua mwenyewe kapotea.

Nilikuwa na hakika nakwenda nyumbani. Hakika kabisa. Basi, yaishe.


Jumatano, 11 Septemba

Hayakuisha. Teofilė kampigia simu mwanangu. Rimvydas kaja kutoka mjini Vilnius na shati lake la ofisini, hakutaka hata kuketi. Mama, basi. Chumba kiko tayari kwetu, ghorofa ya tano, lifti inafanya kazi. Nikamuuliza huko ghorofa ya tano kunaota uyoga gani. Hakucheka. Akasema: ungeingia kinamasini, Mama, tungekutafuta kwa mbwa. Kisha akageukia dirishani. Alikuwa analia. Mwanangu, mtu mzima mwenye upara! Nikamwonea huruma, halafu nikamkasirikia, halafu nikamkaangia chapati za viazi nikamwekea na malai. Akala sita.

Baada ya chapati ya sita tukakubaliana. Niende msituni peke yangu kama zamani, mpaka baridi kali ya kwanza ifunge msimu. Ila kila nikienda, saa saba mchana kamili anapiga simu ya mezani na mimi niwepo kuipokea. Nikichelewa mara moja, moja tu, nafunga mizigo bila kelele. Nisipochelewa hata mara moja, neno ghorofa halitajwi tena ndani ya nyumba hii. Tukapeana mikono. Wake ulikuwa na jasho, wangu mkavu.

Kaniachia na simu ya kioo yenye ramani. Ramani! Ukivuka kilima cha pili tu inashika mtandao wa ng'ambo ya mpaka na kukukaribisha nchi za watu. Na vidole vyangu vikiwa na utomvu kioo hakinijui hata mimi ni nani. Nitaibeba kwa sababu niliahidi. Sikuahidi kuiwasha.


Alhamisi, 12 Septemba

Nimemenya viazi nikifikiri, na nimepata jibu. Dira.

Siihitaji. Lakini maagano ni maagano, na sitaki kushindwa kwa dakika tano za kuzunguka kichaka. Msitu wetu ni rahisi: barabara iko magharibi, inakwenda nao mwanzo mpaka mwisho. Mashariki ni kinamasi, na nyuma ya kinamasi ni mpaka. Popote ulipo, ukitembea magharibi utaikuta barabara tu. Mtoto anaelewa.

Lakini siyo dira yoyote. Mkono wa kushoto una kisu (mimi hutumia kushoto), kiwiko cha kulia kina kikapu. Sina mkono wa tatu wa kushika dira. Kwa hiyo ikae kwenye mkanda wa saa. Na iwe inawaka yenyewe! Naingia saa kumi na moja na nusu, giza, kabla kijiji hakijaamka, ili mtu asijue nimepitia wapi. Ukiwasha tochi saa ile ni kama umepiga ngoma: njooni nyote, Marcelė yuko hapa. Teofilė hulala na dirisha wazi kwa ajili hiyo hiyo, asinidanganye kuwa ni hewa.

Jumamosi naenda sokoni Alytus.


Jumamosi, 14 Septemba

Soko la vikorokoro, asubuhi nzima. Miguu imekufa.

Wa kwanza, bwana mmoja mwenye kofia ya jeshi na meza iliyojaa vyeo vya majeshi ambayo hayapo tena. Ana dira ya mkononi, kubwa kama kifuniko cha chupa ya jamu. Inawaka hii? Inawaka, mama, inawaka kama macho ya paka! Nikavua koti, nikajifunika kichwa pale pale mezani pamoja na dira yake. Giza totoro. Nikiwa humo ndani namsikia akiwaambia watu: msimsumbue, anasali. Ikabidi aimulike kwa tochi kwanza, ndipo ikang'aa — dakika kumi, ikazimika. Na rangi yake ile ya zamani, wanasema ina sumu. Nikamrudishia.

Wa pili, msichana mwenye vitu vya plastiki. Sindano yake inayumba kama mgeni wa arusi siku ya pili. Asante, binti yangu.

Wa tatu hakuwa na dira, ila alikuwa na akili. Akanitazama nilivyochoka, akasema: mama, si kuna Zenonas pale Varėna, fundi wa saa karibu na kituo cha basi? Yule ana makopo ya kila kitu. Varėna! Mlangoni kwangu! Nimepanda basi saa nzima kuja kutafuta kitu kilichoko nilikotoka.


Jumatatu, 16 Septemba

Ninayo!!

Zenonas ni mrefu, kainama kama taa ya mezani, kioo chake cha kukuzia kimesahaulika kwenye paji la uso. Nikamweleza. Hakuuliza kwa nini, jambo lililonipendeza. Akatoa kopo la biskuti, ndani yake likatoka kopo la chai, ndani ya kopo la chai kikatoka kitu kidogo kuliko kofia ya uyoga mchanga. Kilikuwa cha mpiga mbizi aliyeacha kazi. Akavuta pazia, akafunga mlango, tukasimama gizani wazee wawili bila aibu.

Ilikuwa inawaka! Bila tochi, bila betri, bila chochote. Kijani hafifu. Ina vijibomba vya kioo, vyembamba kama uzi, ndani vina gesi inayojiwakia yenyewe: kimoja kwenye sindano, kirefu kimoja upande wa kaskazini, viwili vidogo pembeni. Akasema ina miaka minne tu. Itafifia polepole lakini miaka kumi bado utaiona. Itakuzika hii, Bi Marcelė. Nikamwambia basi imepata kazi ya kudumu.

Bei: hakutaka hela. Alitaka nimwonyeshe sehemu moja. Moja tu, Bi Marcelė, ndogo, hata ya uyoga wa manjano. Thubutu! Nikamwambia naweza kumpa figo. Tukamalizia kwa tungo mbili za baravyka kavu na chupa moja ya uyoga wa siki. Alhamisi atakuwa ameishona.


Alhamisi, 19 Septemba

Si rahisi kama nilivyodhani. Zenonas alikuwa ameshona kikombe kidogo cha ngozi kwenye mkanda wa saa yangu, pembeni ya saa. Kazi safi, uzi wenye nta, mishono midogo kama ya daktari. Tukatoka nje tukaielekeza. Yeye anaijua kaskazini ya duka lake: ni mnara wa maji. Sindano ikaonyesha kando ya mnara, kwenye duka la mikate. Ana njaa huyu, nikasema.

Kumbe ni saa. Saa yangu ni ya chuma, wenzangu wa posta walinipa nilipostaafu, na inaivuta sindano. Akataka niiache saa. Siiachi. Akajikuna. Akaikata ile kazi yake nzuri bila hata kuguna (hapo nilimheshimu), akaanza upya: mkanda wa peke yake, kutoka kwenye hatamu ya farasi ya baba yake, bizimu ya shaba badala ya chuma. Saa itahamia mkono wa kulia, dira ibaki wa kushoto. Mbali mbali kama mke mkubwa na mke mdogo, alisema. Hana adabu, lakini alisema vizuri.

Pembeni ya dira akatia tone la rangi nyekundu. Ukigeuka mpaka sindano ilale juu ya kijibomba kirefu, hii nukta itakuwa inatazama magharibi. Barabarani kwako. Ukipotea, ifuate.

Sipotei.

Basi siku ukichoka kutopotea, ifuate.

Nikamwomba na kifuniko cha ngozi, kinachofungwa kwa kishikizo. Cha nini, Bi Marcelė, itakwaruzika? Hapana, ili Teofilė asiuone mwanga. Akacheka mpaka kile kioo kikamdondoka kwenye paji.


Ijumaa, 20 Septemba

Aibu tupu. Nimeingia saa kumi na moja na nusu, nimeifungua, nimeitazama inang'aa kijani kwenye mkono wangu, nimejiona malkia. Kisha ikaanza vituko. Hatua kumi kaskazini iko huku, hatua kumi kule. Mara magharibi ni kinamasini, mara magharibi ni juu mtini! Nikaifunika nikaenda kwa kichwa changu, kama siku zote. Nikatokea barabarani, ndiyo, lakini kilomita tatu chini ya nilipotaka. Nimekimbia. Na miaka yangu sitini na nane, na kikapu, nimekimbia! Simu ilikuwa inalia nafungua mlango. Mbona unahema, Mama? Nikamwambia nilikuwa napiga deki.

Zenonas nitamla mbichi.


Jumamosi, 21 Septemba

Sikumla. Ilikuwa hivi.

Nimeingia dukani nikamwekea dira yake mezani: kitu chako kibovu. Akaitazama, ikatulia kama mtoto wa shule, mnara wa maji, sawasawa kabisa. Hakubisha. Akasema, Bi Marcelė, hebu ivae. Simama hapo kama uko msituni. Fanya kila kitu unachofanya.

Nikaivaa. Nikapachika kikapu kiwikoni, nikatoa kisu, nikainua mkono wa kushoto nitazame.

Usitikisike, akasema.

Kisu! Mkono ule ule. Chuma kizuri, mume wangu alikifua kutoka kwenye msumeno, kinasimama kiganja kimoja kutoka kwenye dira. Zenonas akakichukua kisu kidogo kidogo akakizungusha — na sindano ikakifuata, huku, kule, kama kuku anafuata mtama. Akaketi chini kabisa. Alisema miaka yote amefunga dira kwa wawindaji, wavuvi, hata padri mmoja, hakuna aliyewahi kuisoma na kisu mkononi. Wengine wote hukitia mfukoni kwanza. Nyie wachuma uyoga mnalala nacho?

Nikamwambia anayetia kisu mfukoni msituni amekwisha kukubali kuwa hakuna uyoga. Ni kweli, kila mtu kwetu anajua. Mpaka utoke barabarani kisu kiko mkononi.

Sasa tumepanga upya: chuma chote kushoto, saa na kisu. Dira kulia, kwenye mkono wa kikapu, na kikapu ni cha fito. Tumejaribu mara ishirini, yeye akihesabu. Mara ishirini mnara wa maji. Akanipa chai. Anatia jamu ndani ya chai kwa kijiko cha supu, mtu huyu.


Jumanne, 24 Septemba

Saa sita na robo nimefika nyumbani! Kikapu kimejaa! Nimepata muda wa kunawa, kubadili nguo, kukaa karibu na simu nimekunja mikono kama karani. Ilipolia nikaiacha ilie mara tatu, nisionekane nina haraka.

Dira ni dawa. Alfajiri naifungua nusu tu, mwanga wake unatosha jicho langu na hauvuki kikapu. Nimempita Teofilė kwa hatua hamsini, yeye na kofia yake nyeupe kama uyoga wa sumu, anageuza kichwa huku na huku ananitafuta! Nilisimama nyuma ya mti nikajiziba mdomo. Nilikuwa na raha ambayo sikuwa nayo tangu mwaka wangu wa mwisho wa posta.


Ijumaa, 27 Septemba

Tena. Saa sita kasorobo. Baravyka kumi na nane na uyoga wa manjano usiohesabika.

Teofilė uani. Vipi leo? Hakuna kitu, nikasema. Ndivyo tunavyojibu, hata kama kikapu kinakuvunja mgongo. Akauliza, shoga, mbona una saa mbili? Nikamwambia moja ya kwangu, nyingine ya kuwahesabia majirani dakika wanazosimama uani kwangu. Akacheka. Halafu akasema kwa sauti nyingine kabisa: nilimwambia Rimvydas kwa sababu niliogopa, usinichukie. Nilimpa bakuli la uyoga wa manjano. Aliupokea akaunusa, na mikono yangu pia, nadhani, ajue umetoka upande gani.


Jumapili, 29 Septemba

Jana pia, saa sita kamili. Mara tatu mfululizo tangu tulipoitengeneza vizuri. Rimvydas simuni: Mama, nakiri, sikutegemea. Nikamwambia akiri kwa maandishi.

Kuna kitu kimoja. Nakiandika halafu nageuza ukurasa. Mara mbili wiki hii nimebishana nayo. Nimesimama kwenye njia ninayoijua tangu utotoni, najua barabara iko kushoto, naitazama dira, dira inasema kulia. Mara ya kwanza nikadhani kisu. Nikakichomeka kwenye mti, nikasogea, nikatazama tena. Kulia. Nikaenda kulia kwa kuikejeli tu, na barabara ikawa kulia. Mara ya pili hivyo hivyo.

Nilicheka. Nimekuja kuandika hapa kwamba nilicheka. Lakini sikumwambia Zenonas, na yeye namwambia kila kitu.


Jumatano, 2 Oktoba

Mvua. Sikwenda. Nimekausha, nimetunga, nimepanga chupa. Redio inasema Jumamosi kuamkia Jumapili baridi itashuka nyuzi nne chini ya sifuri. Kwa hiyo Jumamosi ndiyo ya mwisho! Nikiwa kwenye simu saa saba, nimeshinda. Rimvydas anakuja Jumapili na mkewe. Nitatengeneza babka, ule mkate wa viazi wa kuoka, kubwa, na nitamketisha pale pale alipolia na lile neno lake la ghorofa.

Zenonas kaniuliza kama nitampitia Jumatatu. Dira inataka kukaguliwa mkanda, anasema. Mkanda hauna tatizo lolote. Nitampitia.


Jumamosi, 5 Oktoba

Saa tano na dakika arobaini. Naandikia gotini, nimekaa kwenye kisiki. Daftari nimelibeba kwa sababu nilitaka kuandika ushindi hapa hapa, chini ya miti. Mwandiko mbaya, vidole vimeganda.

Kikapu kimejaa uyoga wa kijani, ule wa mwisho wa msimu, nimeuchimbua mchangani mmoja mmoja. Ukungu umeshuka tangu alfajiri na haukuondoka. Jua hakuna. Hakuna kivuli, hakuna upepo, kila mti ni ule ule.

Nilikuwa narudi. Nikafungua dira kwa mazoea tu.

Barabara iko nyuma yangu, inasema.

Haiko nyuma yangu. Iko mbele. NAJUA. Nimetoka huko nyuma, nimepita kilima, nimepita pale msitu ulipoungua, nyumbani ni mbele, naona kabisa kichwani, naona mpaka lango langu na ndoo iliyopinduliwa.

Nimechomeka kisu kwenye mti nikasogea hatua thelathini. Bado. Nimevua saa. Bado. Nimetoa pini za nywele zote nne, funguo, hata simu nimeiweka juu ya kisiki, nikaenda kusimama peke yangu uwanjani kama kichaa, nywele zimefumka. Bado. Nimezunguka taratibu kama Zenonas alivyonifundisha, mara tano. Sindano haikosei hata kidogo. Nukta nyekundu inatazama kule nilikotoka.

Sasa nimerudi kisikini. Simu hii hapa. Nikiiwasha, nikipanda kilima pengine nitapata mtandao wetu. Rimvydas atapokea mlio wa kwanza. Na imekwisha: nimepotea, nimeomba msaada, ghorofa ya tano.

Nikifuata kichwa changu na kichwa kikawa kimekosea, ni kinamasi. Katika ukungu huu.

Nikiifuata dira nitafika. Nadhani nitafika. Saa saba simu italia na nitapokea, na wote watafurahi, na babka kesho. Na mimi nitajua. Kwamba niliposimama hapa nilikuwa na hakika kama ninavyojua jina langu, na sikuwa sahihi. Siyo kuzunguka. Siyo kisu.

Naogopa. Siku ile na Teofilė sikuogopa kabisa, na sasa naona hilo ndilo la kuogopesha zaidi.

Dira haina sababu ya kunidanganya. Haina mwanaume wala mwana wala nyumba. Mimi ninazo sababu.

Naenda nayo.

Saa sita na dakika tano. Nimesimama kupumua. Kila hatua naiona mbaya. Mwili mzima unataka kugeuka, kama mtu anayepanda basi lisilo lake. Sijaona mti hata mmoja ninaoujua. Nimesema kwa sauti: Marcelė, tembea. Nukta iko mbele. Natembea.

Saa sita na dakika ishirini na tano. Hakuna kitu. Misonobari, ukungu. Nilitaka kugeuka mara mbili. Mara ya pili niligeuka, nikaenda hatua tano, nikarudi.

Saa sita na dakika thelathini na mbili. Gari! Nimelisikia gari. Lori, lile la mbao, linabadili gia pale kwenye kona. Mbele yangu. Karibu sana, kama mita mia mbili. Upande wa nukta kabisa.

Nina muda wa kutosha. Hata nikitembea kwa madaha nitafika kabla simu haijalia.

Nimekaa chini kwanza. Simu nimeitoa mfukoni na nimeiwasha, inatafuta mtandao. Sijui bado nikimpata nitamwambia nimefika au nitamwambia kweli, kwamba nilipotea.